Mgeni Njoo

Mtaa wetu uko nje ya lango. Ndani ya lango ndiko kuliko na mji unaopigwa picha: kanisa kuu la Canterbury, vichochoro vyake, nyumba za mbao zilizoinamiana juu ya njia. Lango lenyewe, Westgate, lilijengwa karibu mwaka 1380, na minara yake miwili ya mviringo, yenye kimo cha mita 18, bado imesimama kando ya mto Stour. Ukitoka chini yake ukaelekea magharibi, ukavuka mto, ukapita baa na nyumba za wageni, ukafika penye reli, kizuizi kikashuka mbele yako kupisha treni, hapo ndipo kwetu, St Dunstan's. Watalii hupita tu. Wanashuka kituo cha Canterbury West, wanavuta masanduku yao ya magurudumu, macho yanatafuta mnara, na baada ya dakika tano wameshamezwa na lango.

Nimekaa hapa miaka 19.

Nyumba za mtaa huu zimeungana ukuta kwa ukuta, matofali mekundu, mlango unafungukia karibu na njia ya miguu. Jirani akikohoa unamsikia. Kwetu Zanzibar nyumba zilizobanana namna hii zingekuwa na baraza nje, na barazani pangekuwa na watu, na watu wangekuwa na maneno. Hapa hakuna baraza, na mwaka wa kwanza nilidhani hakuna maneno pia. Baadaye nikajua kwamba baraza ya mtaa huu ni mapipa ya taka. Jioni moja kila wiki watu hutoa mapipa mbele ya nyumba. Wiki hii la takataka, wiki ijayo la karatasi na chupa. Kwa kuwa hakuna mwenye hakika ni zamu ya pipa lipi, kila mmoja huchungulia la mwenziwe, huuliza, hucheka kidogo, na mazungumzo yakishafunguka hayafungwi upesi. Penye mapipa ndipo nilipojua nani amepata mjukuu, nani amefiwa, nani anauza nyumba kwa sababu goti halipandi tena ngazi.

Mama yangu, anayekaa Mkunazini, Zanzibar, ana swali moja kwa kila simu. Hulileta kabla ya kuniuliza kazi, kabla hata ya baridi. "Jirani yako hajambo?" Kwa muda wa miaka miwili nilimjibu kuwa hajambo, na nilikuwa nikimdanganya, maana sikujua hata jina la aliye upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nalipa kodi ya pango na kodi ya baraza la mji, nina ufunguo, barua zinafika kwa jina langu. Kwa karatasi nilikuwa mkaazi. Lakini mama hakuwa akiuliza habari za karatasi, na kila nikikata simu nilibaki na aibu ndogo nisiyoweza kuieleza.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kulifikiria neno mwenyeji. Ukilisikiliza vizuri utasikia ndani yake mwenye na mji. Neno hili moja tunalitumia kwa watu wawili: aliye wa mahali, na anayepokea wageni. Tunasema fulani ni mwenyeji wa Pemba, na tunasema mwenyeji wetu usiku ule alikuwa fulani, wala hatuhisi kuwa tumebadilisha neno. Waingereza wana neno lao kwa anayekaa mahali na jingine kwa anayefungulia wageni mlango, na mtu anaweza kuwa wa kwanza maisha yake yote bila kuwa wa pili hata siku moja. Kwa Kiswahili, mtu huyo ana upungufu. Lugha yenyewe inamuuliza: umempokea nani?

Nikaanza kuuuliza swali hilo mji mzima, na mji ukawa na majibu mengi kuliko nilivyotarajia.

Zamani malango yalifungwa usiku. Hujaji aliyetoka London kwa miguu au kwa farasi, akachelewa njiani, akafika giza limeshaingia, alilala nje, kwetu. Ndiyo sababu barabara ya St Dunstan's ina nyumba za wageni tangu karne za nyuma sana. Nilipolijua hilo niliutazama mtaa kwa jicho jingine. Kumbe mahali nilipodhani ni pembezoni palikuwa na kazi yake maalumu, kuwapokea waliochelewa. Mimi mwenyewe nilifika mtu mzima, lugha nimeijua ya vitabuni, baridi imenitangulia. Kama yupo aliyefika lango limeshafungwa, ni mimi.

Hao mahujaji walimfuata Thomas Becket, askofu mkuu aliyegombana na mfalme Henry wa Pili juu ya mamlaka ya kanisa na mahakama zake. Jioni ya tarehe 29 Desemba 1170 makabaila wanne wa mfalme waliingia kanisani kwa mapanga na kumuua humo humo. Haikupita miaka mitatu akatangazwa mtakatifu. Na Julai 1174 mfalme mwenyewe alikuja kutubu. Alifika kwenye kanisa la St Dunstan's, dakika chache kutoka mlangoni pangu, akavua viatu na mavazi ya enzi, akavaa nguo ya mtubu, akatembea peku hadi kaburini kwa Becket, na huko watawa wakamchapa fimbo. Aliishika barabara hii hii tunayopanga mapipa. Mara nyingine asubuhi za mvua nikiwaona watoto wa skuli wakiruka vidimbwi, namfikiria mwanamume yule mwenye nchi nzima mkononi akipita hapa bila viatu, na wenyeji wa mtaa wamesimama milangoni, hawajui wainamishe vichwa au wamtazame.

Kanisa hilo hilo dogo lina hazina nyingine ya huzuni. Inaaminika kwamba chini ya sakafu yake, katika chumba cha makaburi cha ukoo wa Roper, kimezikwa kichwa cha Thomas More, aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kula kiapo alichotakiwa na Henry wa Nane. Kichwa kilitundikwa London watu wakione, na binti yake Margaret akakipata akakihifadhi. Alikuwa ameolewa na mmoja wa akina Roper, na lango la matofali la nyumba yao bado liko barabarani kwetu. Mara nyingi napita hapo na mfuko wa mkate na maziwa. Huyo binti simwachi vivi hivi, humwombea.

Ndani ya mji, kanisani, ngazi za kupandia mahali palipokuwa na kaburi la Becket zimelika katikati. Mawe yameinama kwa uzito wa miguu na magoti ya watu waliopanda kwa karne tatu, tangu 1220 mabaki yake yalipohamishiwa juu hadi 1538 Henry wa Nane alipoamuru kaburi livunjwe. Leo hapo pana sakafu tupu na mshumaa mmoja unaowaka. Nimewaona wageni wakifika wakatazama huku na huku, wakauliza kaburi liko wapi, wakaoneshwa mshumaa. Wengine huvunjika moyo. Mimi nadhani hakuna kitu katika jengo lile lote kinachosema sana kama ile sakafu. Mawe ya ngazi yamehifadhi umbo la waliokuja kuliko la waliyemjia.

Walikuja kutafuta nini? Uponyaji, wengi wao. Vipofu, wenye ukoma, wenye watoto wanaoungua homa. Watawa waliwapa maji yaliyosemwa kuwa yamechanganywa na damu ya shahidi, nao wakayabeba katika vichupa hadi makwao. Na hapa methali yetu huja yenyewe, na huja imegeuza mambo juu chini. Sisi hatusemi mgeni aje apone. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nimeisikia methali hii tangu utotoni, nikaifahamu kama tunavyoifahamu wengi: mgeni akija huchinjwa kuku, na watoto wa nyumba hupata minofu. Hiyo ni maana yake ya jikoni, wala siidharau. Mji huu ulipona hivyo pia. Uliuza mkate, mishumaa, beji za risasi zenye sura ya Becket, ukalaza watu na farasi, na hadi leo unakula kwa mkono wa mgeni. Lakini niliposimama mbele ya zile ngazi nikahisi kuna maana nyingine chini ya hiyo. Anapona nini mwenyeji ambaye hana njaa?

Mji wenyewe ulianza kwa mgeni, angalau huu mji wa makanisa tunaoujua. Mwaka 597 Augustine alifika Kent na watawa wake, ametumwa na Papa Gregory kutoka Roma. Mfalme Ethelbert hakuwa Mkristo. Bede, mwanahistoria aliyeandika katika karne ya 8, anasimulia kwamba mfalme alikubali kuonana nao nje tu, uwanjani, kwa kuogopa kwamba ndani ya nyumba wangeweza kumroga. Kisha, baada ya kuwasikiliza, akawapa mahali pa kukaa Canterbury. Napenda sana kwamba alikuwa na hofu. Watu husimulia ukarimu kama kwamba ni tabia ya wasio na wasiwasi, na mimi katika maisha yangu nimepokewa vizuri zaidi na walioanza kwa kunitilia shaka, kwa sababu waliponifungulia walijua wanafungua nini. Na nyuma ya mfalme kulikuwa na mgeni mwingine aliyetangulia. Mkewe, Bertha, alikuwa binti wa kifalme wa Wafaranki, Mkristo, aliyekuja kuolewa kwa sharti aachwe na dini yake. Alisali kwenye kanisa la St Martin's, mashariki ya mji, na kanisa hilo halijaacha kutumika hadi leo. Hakuna katika nchi zisemazo Kiingereza kanisa linalosaliwa lililo kongwe kuliko hilo. Basi Augustine alipokewa na mji uliokuwa umeshajifunza kumpokea mwanamke mmoja.

Kisha karne ya 16 wakaja Wawaluni na Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso katika Nchi za Chini na Ufaransa. Mji uliwapa sehemu ya chini ya kanisa kuu, kule kwenye giza la nguzo nene, wasali kwa lugha yao. Wamo humo bado. Kila Jumapili alasiri, katika kikanisa kilichoko chini ya ardhi, huwa kuna ibada ya Kifaransa. Nilikwenda siku moja, nikasimama nje ya mlango wake nikisikiliza. Waumini hawakuwa wengi. Nilisikia Kifaransa kikitoka katika mawe ya Kiingereza, na koo likanikaza, kwa sababu nilikuwa na miezi sita sijasikia Kiswahili isipokuwa kwenye simu.

Na wale wakimbizi hawakukaa bure. Walikuwa wafumaji, wakaweka mitambo yao ya kufumia nguo, na ufundi wao ukawa sehemu ya utajiri wa mji. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani methali hii niliiona kali, kama kwamba ni ya kumfukuza mtu kwa adabu. Aliyenifundisha maana yake ni Mwingereza ambaye hakuwahi kuisikia.

Alikuwa yule wa upande wa pili wa ukuta. Mjane, mrefu, sauti kavu, umri wa mama yangu. Tulianzia penye mapipa, bila shaka, na mwaka mzima tukaishia hapo hapo. Siku moja ya Machi akabisha mlangoni kwangu, hana salamu ndefu, ameshika sepetu, akasema shamba lake limemshinda. Shamba lenyewe ni kipande cha ardhi cha kukodi ng'ambo ya reli, miongoni mwa vipande vingi ambavyo watu wa mtaa hupanda viazi na maharage. Akaniuliza kama nitaweza kulima nusu. Nikapokea sepetu. Jioni nilimpigia mama nikamwambia, "Mama, nimepewa jembe." Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu, kama anayemaliza hesabu, "Basi umeshakuwa wa huko." Tangu simu ile akaacha kusema "huko ugenini". Husema "huko kwenu", na mara ya kwanza aliposema nililazimika kukaa kitako.

Tulilima pamoja miaka 13. Aliniuliza kwetu tunapanda nini, nikamwambia muhogo, akataka kujua unakuaje, unavunaje, unachimba kwa nini. Na yeye alinisimulia usiku wa tarehe 1 Juni 1942, alipokuwa na miaka sita. Ndege za Ujerumani zililipua mji huu kulipiza kisasi cha kulipuliwa kwa Cologne. Mashambulizi ya namna hiyo Waingereza waliyaita ya Baedeker, kwa jina la vitabu vya Kijerumani vya kuwaongoza wasafiri, maana ilionekana miji inachaguliwa kwa uzuri na ukale wake. Walinzi wa moto walikaa juu ya paa la kanisa kuu wakiokota mabomu ya moto na kuyatupa chini, na kanisa likasalimika. Sehemu kubwa ya mji wa ndani haikusalimika. Mnara wa kanisa la St George's, alikobatizwa mwandishi wa tamthilia Christopher Marlowe mwaka 1564, umesimama hadi leo peke yake katikati ya barabara ya maduka, kanisa lake halipo. Bibi jirani alikumbuka harufu, na kwamba asubuhi yake mama yake aliwapikia uji watu asiowajua, waliokaa kwenye ngazi za nyumba yao na majivu kwenye nywele. Alisimulia akiwa amepiga magoti anapanda vitunguu, na hakuinua uso.

Niseme jambo lililo dogo kwa wengine na kwangu ni kubwa. Nimezaliwa nyuma ya kanisa la Mkunazini, Muislamu mtoto wa Muislamu. Kanisa lile limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi, ndiye pia aliyeandika baadhi ya vitabu vya mwanzo vya kufundishia Kiswahili kwa Kiingereza. Wazee husema saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Sayyid Barghash. Sisi watoto tulipanga siku yetu kwa adhana na kwa kengele hiyo, zote mbili, bila kuona ajabu. Jina lake rasmi ni Kanisa la Kristo. Nilipofika Canterbury nikakuta kwamba kanisa kuu la huku, nalo, jina lake rasmi ni hilo hilo. Mwaka wa kwanza, kengele ya mnara mkubwa iitwayo Bell Harry, inayogongwa saa 2 asubuhi kanisa likifunguliwa na saa 3 usiku likifungwa, ilinikosesha usingizi. Upepo ukivuma kutoka mashariki ilinifikia kitandani, na kabla sijakumbuka niko wapi nilikuwa nimeshasikia Mkunazini.

Kwa hiyo nilianza kuwatafuta walionitangulia njia hii. Nikampata Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na misheni ya UMCA katika skuli ya Kiungani, Zanzibar. Miaka ya 1880 akaletwa Canterbury, kwenye chuo cha St Augustine's, kilichofunguliwa mwaka 1848 katika magofu ya abasia ya yule yule Augustine ili kuwafunza wamisionari. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupata upadri katika misheni ile, akatumikia Chitangali, kusini, karibu na mto Ruvuma. Humfikiria hasa mwezi wa Novemba, giza linapoingia kabla ya saa 11 jioni. Kijana aliyewahi kuwa na bei, anatembea kwenye mji ambao watu waliutembea peku kwa kumtafuta mtakatifu. Nani alimwonesha duka la viatu? Nani alimweleza kwamba ukungu huu utaondoka? Hata jina lake humsimamisha mtu: majaliwa, yale Mungu aliyoyakadiria. Kwa mtoto aliyetolewa mwao kwa nguvu, sijui kama jina hilo ni faraja au ni swali, na nimeacha kulitafutia jibu.

Miaka 80 na zaidi baadaye akaja kijana mwingine kutoka Unguja, wa umri wa miaka 18, baada ya mapinduzi ya 1964 na hofu iliyofuata. Abdulrazak Gurnah alisoma katika mji huu, akafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent kilichoko juu kilimani, akaishi hapa na kuandika hapa, na tarehe 7 Oktoba 2021 ikatangazwa kuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake ya mwaka 1988 inaitwa Pilgrims Way, jina la njia kongwe ya mahujaji kuja Canterbury, na mhusika wake mkuu ni Mtanzania, Muislamu, mfanyakazi wa hospitali katika mji wa Kiingereza wenye kanisa kuu. Siku ile ya Oktoba watu wa mtaa walinipongeza penye mapipa kama kwamba ni mjomba wangu. Mmoja akaniambia, "Mtu wenu ameshinda." Bibi jirani akamsahihisha papo hapo: "Mtu wetu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo na mimi nilikuwa na haki, na ile wetu ikatutosha sote wawili.

Sitaki kuupaka mji huu sukari. Mwaka wangu wa pili mtu aliyekuwa ndani ya gari, akisubiri kizuizi cha reli kiinuke, alishusha kioo akaniambia nirudi kwetu. Alikuwa na muda wa kuniambia mara tatu kabla treni haijapita. Na wapo wenyeji wa siku nyingi wanaolalamika, si kwa chuki, kwamba nyumba zinanunuliwa ili zipangishwe wanafunzi au wageni wa siku mbili, kwamba watoto wao hawawezi tena kupata chumba kwenye mtaa waliozaliwa, kwamba kiangazi huwezi kupita barabara kuu kwa makundi. Nawaelewa. Hata Zanzibar, Mji Mkongwe, malalamiko ni hayo hayo kwa maneno mengine. Nadhani mgeni asiyepewa jembe hata siku ya kumi hawezi kumponya mtu. Anayekuja akapiga picha akaondoka, hajapewa nafasi ya kuulizwa chochote, wala mwenyeji hajapewa nafasi ya kujibu. Waliokula pamoja wamebadilishana kitu. Waliopishana mlangoni wamepishana tu.

Bibi jirani alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Februari. Nilimwambia mama kwa simu, kwa kuwa aliuliza, kama kawaida, na safari hii sikuwa na hajambo. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Nenda kakae na wenziwe, usiwaache peke yao." Nikaenda. Nilipeleka maandazi, wakala wote, na binti yake akaniambia nusu ya shamba iliyobaki naweza kuilima nikitaka. Sepetu ninayo.

Nyumba yake sasa wanakaa wanafunzi wanne. Wiki ya kwanza walitoa pipa lisilo la zamu, wakatoa tena wiki ya pili, taka zikabaki, kunguru wakachana mifuko. Nilibisha mlangoni kwao na karatasi niliyoandika kwa mkono: pipa hili wiki hii, lile wiki ijayo, na chini yake nikaandika jina langu na kwamba niko upande wa pili wa ukuta. Kijana aliyefungua alisoma, akanitazama, akaniuliza, "Umekaa hapa siku nyingi?" Nikajikuta namweleza habari za mfalme aliyepita peku. Alinisikiliza mpaka mwisho, mlango wazi, baridi yote inaingia.

Septemba iliyopita mama aliniletea agizo. Mtoto wa dada yangu amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu, kilimani. Atafikia kwangu mpaka apate chumba. "Kampokee kituoni wewe mwenyewe, usimwambie achukue teksi." Nikaenda Canterbury West. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyolowesha upesi lakini haiachi. Alishuka na sanduku kubwa kuliko yeye, na mfuko wa kanga na achari aliopewa na bibi yake, na kizuizi kilikuwa kimeshuka, tukasimama tukisubiri. Akauliza kila kitu. Mnara ule mrefu ni wa nini, msikiti uko wapi, kwa nini nyumba hazina baraza. Nilimjibu ya msikiti, kwamba uko huko huko chuoni, na ya mnara, na ya baraza nikamwambia asubiri Jumatano.

Usiku tulikula wali na samaki, nikasimama kuosha vyombo. Bomba likiwa wazi, maji yanamwagika, akainua kichwa.

"Mjomba, hii kengele hulia kila siku?"

"Kengele gani?"

Akanitazama kwa mshangao. Nikafunga bomba, nikafungua dirisha la jikoni, nikatoa kichwa kwenye mvua. Ilikuwa imeshanyamaza. Tukakubaliana kuisubiri kesho yake, saa 3 usiku, taa tumezima.